Msaipresi, mkaiyaba, mwashoki au mchongoma: upande mti gani wa uzio?

Anayefika kitaluni kununua miche ya uzio huuliza kwanza ni mti gani unaokua haraka. Hilo linafaa kuwa swali la tatu. La kwanza ni uzio unataka uzuie nini: macho ya wapita njia, au miguu ya watu na mbuzi? La pili ni kiwanja kipo wapi, juu kwenye baridi au chini kwenye joto, na mvua yake ikoje. Mti unaofunga vizuri Limuru au Njombe hudumaa Kinondoni, na unaopendeza Mombasa huteseka kwa baridi ya Nyahururu. Tena mti unaokimbia hausimami kwa sababu umefika kimo unachokitaka. Huendelea kupanda, na kimo ulichokipata mapema utakilipia kwa mkasi miaka yote.

Nyanda za juu: msaipresi au mkaiyaba

Hawa wawili ndio wanaoshindana zaidi kuanzia Nairobi hadi Arusha, Lushoto, Mufindi na Kericho, na ndio wanaochanganywa vibaya zaidi. Msaipresi (Cupressus lusitanica), ambao wengi huuita mti wa Krismasi, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hustawi kwenye ubaridi, hasa kuanzia kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mche wa sentimita 30 uliopandwa mwanzo wa masika kwenye udongo mzuri hupata karibu mita moja kwa mwaka, kwa hiyo ndani ya miaka miwili hadi mitatu una ukuta wa kijani usiopenyeka kwa macho. Mkaiyaba (Dovyalis caffra) umetoka kusini mwa Afrika. Wenyewe ni wa taratibu: hesabu miaka mitatu hadi minne kabla haujashikana. Lakini ukishashikana, mbwa hapiti, mbuzi hapiti, na mtu akipita nguo zake zitabaki hapo. Miiba yake iliyokomaa hufika sentimita 6 hadi 7, na ni migumu kiasi cha kutoboa soli ya ndala na tairi la baiskeli.

Kwa faragha peke yake, msaipresi unashinda. Kwa ulinzi hauna kitu: mtu mzima husukuma matawi kwa bega na kuingia. Anayepanda msaipresi akidhani amejenga ukuta wa usalama huishia kuongeza waya wa miiba ndani yake, na waya huo baadaye humezwa na mashina na kuharibu kila mkasi unaopita.

Tofauti kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoua nyuzio nyingi za msaipresi, iko kwenye namna kila mti unavyopokea kukatwa. Fungua matawi ya msaipresi kwa mkono uangalie ndani. Nje kuna tabaka la majani mabichi lenye unene wa shubiri moja au zaidi kidogo. Ndani ya hapo ni vijiti vya kahawia vitupu, havina jani wala jicho la kuchipua. Mkasi ukivuka tabaka la kijani ukagusa kahawia, sehemu hiyo haitarudi. Tundu litabaki tundu miaka yote. Ndiyo sababu msaipresi ulioachwa miaka mitano bila kukatwa, ukapanuka hadi mita mbili na kula njia, hauwezi tena kurudishwa kuwa mwembamba. Dawa yake ni kung'oa na kuanza upya. Mkaiyaba ni kinyume chake. Ukate kwa panga, ukate kwa msumeno hadi kwenye shina nene, bado utachipua.

Jambo la pili ni wadudu. Vidukari wa msaipresi (Cinara) waliingia Malawi mwaka 1986, wakafika Kenya mwaka 1990, na maelfu ya nyuzio zilikauka. Serikali na watafiti walileta nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya vidukari hao, na balaa likapungua, ila halijaisha. Kidukari huyu ni wa rangi ya kahawia na kijivu, hukaa ndani kwenye vijiti, si kwenye ncha, ndiyo maana watu huchelewa kumwona. Dalili za mwanzo ni majani yanayonata kwa utamu, kisha ukungu mweusi kama masizi juu ya utamu huo, kisha tawi moja kugeuka kahawia kuanzia ndani kuelekea nje. Huzidi wakati wa ukame, mti ukiwa na kiu. Kagua kila mwezi msimu wa kiangazi. Ukiwaona wachache, nyunyiza maji yenye sabuni ya maji, mililita 10 kwa lita 1, kwa bomba la mgongoni, ukielekeza ndani ya matawi na si juu yake, na urudie baada ya wiki. Maji ya kutosha kwenye mizizi yanasaidia kuliko watu wanavyodhani. Tawi lililokwisha kuwa kahawia lote halifufuki.

Tatu, msaipresi hunywa maji ya jirani zake. Sukuma au maharage yaliyo mita moja na nusu kutoka kwenye uzio huo yatadumaa kwa kivuli na mizizi. Mkaiyaba nao una mizizi yenye njaa, lakini ukikatwa uwe mwembamba huachia bustani nafasi zaidi. Msaipresi mkavu pia hushika moto upesi, kwa hiyo usiupande karibu na jiko la nje au mahali mnapochomea taka.

Mkaiyaba nao una kero zake. Vipande vilivyokatwa lazima viokotwe vyote, siku hiyohiyo, kwa reki. Mwiba mkavu uliojificha kwenye nyasi hungoja mguu wa mtoto. Mkataji avae glavu nene na miwani. Matunda yake ya manjano ni machachu sana na hufaa kwa jemu, ila usipange biashara juu ya uzio: mti dume na jike ni tofauti, na uzio unaokatwa mara kwa mara huzaa kidogo.

Uamuzi wetu kwa nyanda za juu: nyumba yenye ukuta wa mawe tayari na inayotaka kuziba tu dirisha la ghorofa ya jirani, ipande msaipresi. Kiwanja kitupu, shamba, shule au kanisa, yapande mikaiyaba hata kama itachelewa. Anayeweza kuvumilia mistari miwili aweke mkaiyaba nje na waya wa muda upande wa ndani hadi mkaiyaba ufunge.

Pwani na maeneo ya joto: mwashoki, mchongoma, mvinje

Mwashoki (Polyalthia longifolia), mti mrefu mwembamba kutoka India na Sri Lanka wenye majani marefu yaliyojikunja pembeni, umekuwa mti wa heshima wa nyumba za Dar es Salaam na Mombasa. Faida yake ni umbo: hupanda juu bila kutanuka, hivyo hufaa kiwanja chembamba, na mizizi yake ni mpole kwa misingi. Mwaka wa kwanza hauonyeshi kitu juu kwa kuwa unajenga mizizi. Wengi hukata tamaa hapo na kuumwagia mbolea ya chumvichumvi hadi majani yanaungua. Uache. Uhitaji wake mkubwa ni maji na kinga dhidi ya upepo wa moja kwa moja wa baharini, ambao huchoma kingo za majani zikawa kahawia.

Usikate kichwa chake. Mwashoki uliokatwa ncha hutoa vichwa vitatu au vinne vinavyogombana, na ule wembamba wake wa mlingoti hauonekani tena. Kwa hiyo ukiupanda chini ya nyaya za umeme umejichagulia ugomvi, kwani utapita mita 10. Miguuni huachia mianya. Ziba kwa kichaka kifupi kama duranta mbele yake. Mbegu zake hazihifadhiki: zipandwe mbichi, mara tu baada ya tunda kuiva na kumenywa. Anayekuuzia mbegu kavu za mwashoki kwenye pakiti anakuuzia takataka.

Mchongoma tunaouzungumzia hapa ni Pithecellobium dulce, ule wenye maganda yaliyojiviringa na nyama nyeupe au ya waridi ambayo watoto huila. Kwa kasi hakuna wa kuufikia kati ya miti ya miiba. Hauhitaji hata kitalu: loweka mbegu usiku mmoja, chimba mfereji mdogo, panda kina cha sentimita 2, mbegu mbili kila sentimita 20, mistari miwili iliyopishana. Huota ndani ya siku chache. Hustahimili ukame, udongo maskini na chumvi, na huongeza naitrojeni kwenye udongo. Ukitunzwa, mwaka mmoja na nusu hadi miwili unatosha kuuziba.

Sasa gharama ya kasi hiyo. Mchongoma usiokatwa kila wiki sita hadi nane wakati wa mvua huwa mti. Mti huo hufika mita 10 na zaidi, miguu yake inabaki wazi, na mbuzi wanapita chini kama hakuna uzio. Tena mbuzi hao wanaupenda: majani machanga ni chakula chao, hivyo miezi sita ya kwanza unahitaji wavu au mtu wa kuchunga. Mizizi ikijeruhiwa kwa jembe hutoa machipukizi mbali na mstari. Mwenye nyumba anayesafiri sana asiupande.

Mvinje (Casuarina equisetifolia) ni wa mstari wa kwanza wa bahari, pale ambapo upepo wa chumvi umeshinda miti mingine. Mwaka 1971 René Haller alianza kuotesha miti kwenye machimbo ya chokaa yaliyoachwa ya Bamburi, Mombasa, mahali pasipo na udongo, na mvinje ulikuwa miongoni mwa michache iliyokubali. Kwa uzio uanze kuukata ukiwa kiunoni. Shina likishakomaa huchipua vibaya. Vijani vyake vilivyodondoka hufunika nyasi na kuziua, jambo ambalo ni baya kwa bustani na zuri kwa anayetaka ardhi safi chini ya mti.

Hivi ndivyo inavyosimama kwa mtunzaji wa kawaida, mwenye udongo wa wastani na maji ya kiangazi cha kwanza:

| Mti | Mahali | Nafasi | Huziba baada ya | Miiba | Ukikatwa hadi shina |
|---|---|---|---|---|---|
| Msaipresi | Baridi, mita 1,500+ | sm 50 | miaka 2–3 | hakuna | hauchipui |
| Mkaiyaba | Juu na kati, hata pakavu | sm 30 | miaka 3–4 | mikali sana | huchipua vizuri |
| Mwashoki | Joto, penye maji | mita 1 | miaka 3–4 | hakuna | hupoteza umbo |
| Mchongoma | Joto, hata pakavu | sm 20 | miaka 1.5–2 | ipo | huchipua sana |
| Mvinje | Ufukwe, mchanga | sm 50 | miaka 1.5–2 | hakuna | huchipua kidogo |

Kupanda: hesabu na mfereji

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mzunguko wa mita 80. Toa mita 4 za geti, unabaki na 76. Mikaiyaba kwa sentimita 30 ni miche kama 253, misaipresi kwa nusu mita ni 152, miashoki 76. Ongeza mmoja kwa kila kumi kwa ajili ya itakayokufa, na uinunue siku hiyohiyo, kwani mche wa kuziba pengo ukinunuliwa mwaka unaofuata hauwafikii wenzake. Kwa ploti ya Kenya ya futi 50 kwa 100, mzunguko ni kama mita 91, na mikaiyaba ni karibu 290 ukitoa geti la kiasi hicho.

Chimba mfereji, si mashimo. Upana sentimita 45, kina 45. Udongo wa juu, ule mweusi, uweke upande mmoja. Wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita, urudishe huo kwanza. Kwa mita 76 hiyo ni samadi ya mita moja na nusu za ujazo, kama pikapu moja. Samadi mbichi huchoma mizizi na kuita mchwa. Mfereji uwe ndani ya mpaka kwa nusu mita hadi mita nzima, la sivyo nusu ya uzio wako itakuwa ya jirani, naye atakuwa na haki ya kulalamika. Bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, iachwe wazi, isifukiwe.

Kitaluni, kataa mche mrefu uliosongwa kwenye kiriba (mfuko wa nailoni wa kuoteshea) kidogo. Mche wa sentimita 25 hadi 30, wenye shina linalosimama lenyewe, utaupita ule wa mita moja ndani ya mwaka. Pasua kiriba chini uangalie: mizizi iliyojizungusha kitakoni ikatwe sentimita 1 ya mwisho kwa kisu kikali, vinginevyo itaendelea kujizungusha ardhini, na miaka mitano baadaye mti unalala kwa upepo. Ondoa nailoni yote. Zika mche kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kwenye kiriba. Anayetaka kuotesha mwenyewe atapata mbegu zilizopimwa KEFRI (taasisi ya utafiti wa misitu) Muguga kwa Kenya, au kwenye kituo cha mbegu za miti cha TFS (wakala wa huduma za misitu) Morogoro kwa Tanzania.

Panda mvua zikishika, si baada ya mvua ya kwanza. Kiangazi cha kwanza ndicho kinachoamua: lita 5 kwa kila mche mara mbili kwa wiki, polepole, ni bora kuliko kurusha maji ya mpira kila jioni. Maji ya juujuu hulea mizizi ya juujuu. Weka matandazo ya nyasi ya sentimita 5 hadi 8, yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja ili mchwa wasipate daraja.

Kukata: mwaka wa kwanza ndio unaojenga miguu

Uzio ulio wazi chini karibu kila mara ulikosewa mwaka wa kwanza. Mwenyewe alisubiri ufike kimo ndipo aanze kukata. Mkaiyaba na mchongoma vinatakiwa kukatwa vikiwa na sentimita 30, virudishwe hadi 15. Inauma kuona, lakini macho ya chini huamka na kutoa matawi matatu mahali pa moja. Kisha kata tena kila unapoongezeka sentimita 20. Msaipresi ni tofauti: pembeni unakatwa kidogokidogo tangu mwaka wa kwanza, ila ncha inaachwa hadi mti upite kimo unachotaka, ndipo inakatwa sentimita 20 chini ya kimo hicho ili majani mapya yafunike jeraha.

Umbo liwe pana chini, jembamba juu: kwa mfano sentimita 80 chini na 40 juu. Uzio mpana juu hujitia kivuli, na matawi ya chini hufa kwa kukosa jua. Funga kamba kati ya vigingi viwili kabla ya kugusa mkasi. Jicho peke yake hudanganya baada ya mita tano. Panga kali linafaa kwa mkaiyaba, lakini kwenye msaipresi na duranta huchana badala ya kukata, na ncha zilizochanika hugeuka kahawia. Ukikata mti mgonjwa, futa mkasi kwa maji yenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, kabla ya kuhamia mwingine.

Wengine kwa ufupi

Bogenvilia hufunga vizuri, ina miiba, ina rangi, na hupandwa kwa pingili, ila inahitaji waya au ukuta wa kuegemea, na ukiipa maji na samadi nyingi hutoa majani bila maua. Duranta ni rahisi kwa ua fupi la ndani. Matunda yake ya manjano yana sumu, kwa hiyo nyumba yenye watoto iikate kabla haijazaa. Mnyaa ni wa wafugaji wa maeneo makavu: pingili hukaushwa kivulini siku chache utomvu ukome, kisha huchomekwa ardhini na kushika. Utomvu huo ukiingia machoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 15 na uende hospitali mara moja.

Mitatu tungeiacha. Mtevetia wa maua ya njano hukua haraka na kupendeza, lakini mbegu zake huvuruga mapigo ya moyo na zimeua watu. Lantana ni sumu kwa ng'ombe, na ndege wataipeleka hadi shamba la jirani. Fikasi mbele ya nyumba ni nzuri miaka mitano. Baada ya hapo mizizi yake huinua sakafu, hupasua ukuta na kuingia kwenye mabomba na chemba ya choo.

Kama umerithi uzio mzee wa mkaiyaba uliopanuka na kuwa wazi chini, usiung'oe. Mwanzo wa masika kata upande mmoja wote hadi karibu na mashina makuu, weka samadi debe moja kila mita mbili, uache upande wa pili uendelee kulinda. Mwaka unaofuata, upande wa kwanza ukiwa umejaa machipukizi, kata wa pili.